Ndege ya Viazi na Harusi ya Mwamini

Hapana, sikuoa Kalemie. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kila anayepita dukani kwangu hapa Mabanga tangu nirudi, na wengine wameliuliza mbele ya mke wangu huku wakijifanya wanachagua plagi za pikipiki. Habari hiyo ilifika Goma kabla yangu. Ilianzia Ujiji, ikarukaruka kwenye simu za watu, na ilipotua hapa yule mke alikuwa Mnande wa Butembo, mnene, na mwenye ndege yake mwenyewe. Unande ni kweli. Unene ni kweli. Ndege haikuwa yake, ila viazi vilivyokuwa ndani.

Safari ya kurudi siisimulii. Ilikuwa mabasi kupitia Rusumo na Kigali hadi mpaka wa Gisenyi, na nililala njia nzima. Nasimulia ya kwenda.

Ilikuwa safari ya harusi. Marehemu kaka yangu Saidi aliacha mtoto mmoja tu, Mwamini. Mliokuwa hapa mwaka volkeno ilipochoma katikati ya mji mnakumbuka tulivyotawanyika. Mimi na Saidi tulishuka mpaka Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu babu yetu alikuwa akipita pale na biashara zake za Kasongo na jina lake lilikuwa bado linajulikana. Tulikaa miaka. Mimi nikarudi kujenga juu ya yale mawe meusi kama ninyi nyote. Saidi alibaki, akaoa huko, akazikwa huko.

Kwa wale kati yenu mnaosali kanisani, nieleze kidogo. Kwetu binti haozwi na yeyote tu. Anaozwa na baba yake, na kama baba hayupo, ndugu wa baba. Huyo anaitwa walii. Upande wetu nimebaki peke yangu, kwa hiyo walii wa Mwamini ni mimi. Walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakala amuozeshe kwa niaba yake, na sheria inakubali, lakini Mwamini alipopiga simu kunipa habari alisema hivi: "Baba mdogo, njoo wewe. Si simu, si mtu. Wewe mwenyewe." Nikamjibu, "Mimi mwenyewe." Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya sala.

Kutoka Mabanga mpaka uwanja wa ndege

Jumatano asubuhi mizinga ilikuwa inasikika kutoka upande wa Sake, na watu wa Kibumba walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani. Barabara zilikuwa zimekatwa. Boti zilikuwa zimesimamishwa. Mpaka wa Gisenyi ulikuwa na foleni ambayo mwisho wake sikuuona, na hata ningevuka, mabasi yasingenifikisha Ujiji kufikia Ijumaa. Ilibaki ndege ndogo ya kwenda Kalemie, na kutoka Kalemie meli ya mizigo ya kuvuka ziwa usiku mmoja.

Nilibeba begi la vitenge vya sare, maana harusi ya upande wetu bila sare ni mkutano wa kawaida tu. Nilibeba pia mfuko wa sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Kivu, niliowanunua soko la Kituku siku tatu kabla, kazi nzuri, wamekaushwa bila mchanga. Mke wangu aliniambia wananuka. Nikamwambia harufu hiyo ndiyo Mwamini aliyokuwa akiniomba kila nikipiga simu.

Uwanjani sikuona mlango, niliona watu. Kulikuwa na familia iliyokuja na kochi la watu watatu, na babu yao amelikalia katikati ya msongamano kama yuko sebuleni kwake. Wenye vyeo walikuwa wanapitishwa upande wa pili na wake zao na majokofu yao. Sisi wengine tulikuwa tunamwangalia bwana mmoja mwenye kizibao cha njano aliyekuwa anasoma majina kwenye kipaza sauti kisichofanya kazi. Alikuwa anafungua mdomo, anafunga, na kila mtu akawa anajisikia ameitwa.

Jumatano ikaisha hivyo. Tulilala hapo hapo kwenye sakafu.

Sambaza

Alhamisi asubuhi chakula kilikuwa kimetuishia sote. Mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya magunia pembeni yangu alinusa, akanusa tena, akanigeukia.

"Papa, hii bintu inanuka hivi ni nini?"

"Ni sambaza, mama. Minapeleka Ujiji, ku harusi."

"Ujiji njo wapi?"

"Kigoma. Ku Ziwa Tanganyika."

Akanitazama kwa huruma. "Papa, unapeleka samaki ku ziwa?"

Huyo ndiye Mama Kahindo. Ni mtu wa Butembo, mama wa misa ya kila asubuhi, na kazi yake ni viazi. Ananunua Kibumba, anapeleka kwa ndege Kalemie ambako viazi vya kwetu vinasifiwa. Yale magunia yalikuwa ya mwisho kutoka kabla barabara haijafungwa, na alikuwa hayaachi hata kwenda kujisaidia mpaka mtu ayakalie kwa niaba yake. Siku hiyo nilikuwa mimi.

Nilifungua mfuko. Nilikusudia kumpa kiganja kimoja. Lakini sambaza wana tabia ya kujitangaza, na watoto wakaja, na mama zao wakaja, na babu wa kwenye kochi akanyoosha mkono bila kuinuka. Mtu mmoja alikuwa na chikwange, ule mkate wa muhogo, mwingine pilipili. Tulikula tukitafuna mifupa, na kwa muda huo hakuna aliyezungumzia mizinga. Nilipokung'uta mfuko vilibaki vichwa tu.

Saa nne bwana wa kizibao akaja akiwa hana kipaza sauti tena.

"Avion hakuna! Imekwisha! Murudi ku manyumba!"

Watu wakapiga kelele. Yeye akarudia neno moja tu, imekwisha, imekwisha, akaondoka. Nilikaa juu ya gunia la viazi nikahesabu: kesho ni Ijumaa, mimi niko Goma. Nilimwona Mwamini amepambwa, wageni barazani, sheikh anauliza walii yuko wapi. Nilihisi aibu kwanza, kisha hofu kwamba watu watasema upande wa baba wamemtupa mtoto wa Saidi.

Nikatoa simu nikampigia Idi. Idi ni mjomba wa Mwamini, kaka wa mama yake, mtu wa heshima zake na wa maneno machache.

"Shemeji Idi, sitafika. Ndege zimesimama. Nakupa uwakala umuoze Mwamini kesho kwa niaba yangu."

"Una hakika, Ramazani?"

"Nina hakika. Ndoa isingoje. Muoze."

"Nimekubali. Mungu awalinde huko."

Nilipokata simu nililia kidogo. Mama Kahindo alijifanya haoni, akawa anafunga upya kamba za gunia lililokwisha kufungwa.

Mizani

Haikupita hata saa moja tukasikia injini. Ndege ndogo ya mizigo ilikuwa imetua, yenyewe, bila mtu kuitangaza, upande ule wa uwanja ambako lava ya zamani imeishia. Ilikuwa imekuja kuchukua mizigo ya Kalemie, maana mizigo ilikuwa imekubaliwa kabla ya watu. Bwana wa kizibao akarudi anakimbia. Wenye mizigo waingie na mizigo yao, na kila mwenye mzigo aingie na mtu mmoja wa kuishusha. Wengine, imekwisha.

Mama Kahindo akanishika mkono. "Huyu njo bwana yangu," akasema. "Njo atashusha biazi kule."

Bwana wa kizibao akaangalia kofia yangu ya sala, akaangalia rozari shingoni mwa Mama Kahindo. "Bwana yako? Huyu mwislamu?"

"Mapendo haiulizake kanisa," akasema Mama Kahindo. "Pima biazi, tuende."

Hapo watu walisukumana. Mlango ulikuwa mmoja na sote tulikuwa mizigo ya mtu fulani. Begi langu la vitenge likabaki kwenye mizani, kwa sababu mizani ilikuwa imejaa na bwana yule alisema mtu achague, aende yeye au nguo zake. Nikaenda mimi. Mama Kahindo naye akakataa kupimwa hadharani. "Mie hapana kiazi," akasema, na akapita. Nadhani rubani alikadiria kwa macho.

Tulipokuwa juu, nimebanwa kati ya magunia na ukuta wa ndege, niliingiza mkono mfukoni nimpigie Idi kumwambia asubiri. Mfuko ulikuwa mtupu. Simu ilikuwa imebaki mikononi mwa mtu pale mlangoni, na namba zote za Ujiji zilikuwa ndani ya simu. Kichwani ninayo namba moja tu, ya mke wangu, na baadaye nilipoazima simu Kalemie mtandao wa Goma ulikuwa umekatika.

Chini niliona mji wote, na mstari mweusi wa lava unaopita katikati, na nyumba zetu juu yake. Kisha mawingu.

Kalemie, ambako sikuwa na haraka

Tulitua Alhamisi alasiri. Nilishusha viazi kama bwana wa kweli. Wachuuzi waliokuja kumpokea Mama Kahindo waliona mwanamume anabeba gunia nyuma yake huku anaamrishwa, wakaniita Papa Kahindo, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Meli ya kwanza ilikuwa inaondoka Ijumaa jioni na kufika Kigoma Jumamosi. Ndoa ni Ijumaa mchana. Idi anayo ruhusa, Idi ni mtu wa kutimiza. Basi ndoa imekwisha, nikifika Jumamosi au nikifika Jumanne ni mkono wa heri tu nakwenda kutoa. Nilikuwa nimevunja neno langu kwa mtoto, na mtu aliyevunja neno hakimbilii kuonekana uso.

Ijumaa niliswali, nikamwombea Mwamini maisha mema na mume wake. Jioni Mama Kahindo alinipeleka kwa mama mmoja anayepika karibu na bandari. Alituletea samaki mkubwa wa ziwa, wa kuchomwa, na ugali wa muhogo, na mboga ya lenga-lenga. Meli ikapiga honi. Nilisikia.

"Papa, ile njo meli yako," akasema Mama Kahindo.

"Iko ingine Jumapili."

"Na harusi?"

"Harusi imeisha pita, mama. Nilipatia mutu ruhusa."

Alichambua miba. Kisha akasema, "Mie nilikuita bwana yangu juu ya ile harusi. Si juu ya biazi." Hilo lilinichoma, lakini samaki alikuwa mzuri na nikaendelea kula.

Kwenye meza ya jirani kulikuwa na msafiri mmoja, fundi cherehani wa Ujiji, aliyekuwa anakimbilia meli hiyo hiyo. Nikamwomba anifikishie salamu. Nikamwambia nyumba ya marehemu Saidi, karibu na msikiti, watu wanaijua. Waambie Ramazani yuko Kalemie, salama, anakuja polepole. Akasema bila shaka. Akaniangalia, akamwangalia Mama Kahindo aliyekuwa ananiongezea ugali, akasema, "Na salamu za shemeji nitazifikisha pia." Akakimbia kabla sijamjibu.

Sasa mnajua mke wa Kalemie alizaliwa vipi.

Ziwani

Meli ya Jumapili ilichelewa kwa sababu ya injini, kisha kwa sababu ya mtu aliyekuwa na mafuta ya mawese ambayo hayajafika, kisha kwa sababu nahodha alikuwa anakula. Sikulalamika. Mama Kahindo alinisindikiza mpaka gatini na akanipa mfuko mdogo wa viazi.

"Upeleke ku mutoto," akasema. "Usiende mikono mitupu."

Nikamwambia Mungu amlipe. Akasema atalipwa na Kalemie, na akageuka kuwafokea wabebaji.

Ndani ya meli nilikaa na wazee wawili wa Kigoma. Niliwaambia nilikuwa na sambaza nikawagawa uwanja wa ndege. Walicheka sana. Mmoja akaniambia hao sambaza wa Kivu ni dagaa wao, walichukuliwa huku wakapelekwa kwetu zamani ziwa letu lilipokuwa halina samaki, na kwamba nilikuwa nawarudisha kwao. Tulibishana kuhusu nani anakausha vizuri mpaka usingizi ukatuchukua. Asubuhi tuliiona Kigoma, na mimi nikatafuta maneno ya kumwambia Mwamini.

Ujiji

Nilipotokea kwenye uchochoro wa nyumba ya Saidi, mtoto mmoja wa jirani alinitazama akapiga ukelele, "Amefika! Bwana harusi wa Kalemie amefika!" Wanawake wakatoka. Hakuna aliyecheka. Turubai la harusi lilikuwa bado limefungwa uani, limelegea kona moja kwa mvua.

Idi alikuwa barazani. Nikamsalimia, nikampa mkono wa heri kwa ndoa.

"Ndoa gani?" akasema.

Nikafikiri hakunisikia.

"Ramazani, ndoa haikufungwa. Tunakungoja wewe tangu Ijumaa."

Alinieleza taratibu, na kwa namna alivyokuwa akieleza nilijua amekasirika kupita kiasi. Ijumaa kila kitu kilikuwa tayari. Pilau imeiva, wageni wamejaa, sheikh amefika. Yeye Idi, kwa uwakala wangu, akaingia chumbani na mashahidi wawili kumwomba bibi harusi idhini, kama desturi. Ninyi mnaijua au hamuijui: mwari akiulizwa, ananyamaza. Kimya hicho ndicho jibu lake. Akinyamaza, wanawake wanapiga vigelegele na wanaume wanakwenda kufunga ndoa. Sijasikia maishani mwangu mwari aliyejibu.

"Nikamuuliza," Idi akasema. "Akajibu."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Hapana, mjomba. Sina neno na mume. Walii wangu yuko njiani.' Akasema kwa sauti, barazani wakasikia. Nikamuuliza mara ya pili, akasema hapana. Mama yake akalia. Sheikh akasema baba mdogo hana nguvu ya kumlazimisha, wala wakala wake, akisema hapana ni hapana. Tukaila pilau. Ungefanya nini na pilau?"

"Nani alimwambia niko njiani? Mimi nilikwambia siji."

"Hakuna aliyemwambia. Alisema ulimwahidi. Jumamosi akaja fundi cherehani akasema uko Kalemie unakula samaki na mke wako, unakuja polepole. Hilo nalo tulimwambia. Akasema, 'Si mmeona? Anakuja.'"

Nilikaa chini barazani. Aibu niliyoihisi uwanjani Goma ilikuwa ndogo kwa hii. Nilimkumbuka yule samaki, na honi ya meli ya Ijumaa, na mimi nikichovya ugali. Idi aliniacha nikae hivyo. Kisha akaagiza mtu amwite bwana harusi.

Bwana harusi ni fundi wa injini za boti. Nikaambiwa Ijumaa alikuja na kanzu, kofia na joho. Jumamosi alikuja na kanzu tu, kuuliza kama nimefika. Jumapili alikuja na shati. Jumatatu hiyo alikuja na mikono ya grisi mpaka kwenye viwiko, akanipa kiwiko nikisalimie. "Shikamoo, baba. Karibu. Nikanawe?" Nikampenda pale pale.

Shemeji yangu, mama Mwamini, alinipa kanzu ya Saidi aliyokuwa ameihifadhi, na kanzu ilinibana mabegani. Viazi vya Mama Kahindo vikachukuliwa jikoni bila mtu kuuliza vimetoka wapi. Hapakuwa na sare, hapakuwa na sambaza, na pilau ya safari hii ilikuwa ndogo, ya majirani tu.

Niliingia chumbani na mashahidi. Mwamini alikuwa ameketi mkekani amefunikwa khanga mpya, na hina ya Ijumaa imeanza kufifia mikononi. Nilikaa mbele yake. Nilitaka kumwambia kwamba nilimtoa kwa simu, kwamba niliiacha meli ikaenda, kwamba hakustahili kuningoja. Lakini mashahidi walikuwa wanasubiri na hayo si maneno ya hapo.

"Mwamini binti Saidi," nikasema, "unaniruhusu nikuoze?"

Nikamuuliza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Yule aliyesikika Ijumaa mpaka barazani hakusema neno. Alitoa mkono wake chini ya khanga akashika upindo wa kanzu ya baba yake, akanyamaza.

Nikatoka nje kuwaambia kwamba amekubali.